Mwenye bisibisi na awe na kitabu

Mimi si fundi. Nasema hayo mapema, asije mtu akanigongea mlango kesho na friji iliyokataa kugandisha. Riziki yangu naipata kwa kalamu, na kalamu ikinipa wasaa natunga mashairi. Lakini kila Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, utanikuta ukumbini nimevaa kikoi, miwani puani, nimetandika gazeti la jana juu ya meza, na juu ya gazeti nimepanga bisibisi tatu, koleo ndogo, chuma cha kulehemu, pamba na chupa ya spiriti. Watu wa nyumbani wanaijua siku hiyo. Hakuna anayethubutu kuuliza gazeti limekwenda wapi.

Kwa mikono hii nimeunda rafu ya vitabu kutokana na mbao za makasha, nimezindua feni mbili na redio tatu, na pasi moja nimeiua kabisa. Yote hayo ni mchezo wa mtu mzima. Lakini leo, msomaji wangu, nataka kukusimulia habari za chombo kimoja tu, kinasa sauti cha kaseti, kwa kuwa hicho hakikuwa mchezo. Kilikuwa na amana ya sauti ya mamangu.

Maradhi yalipoanzia

Maradhi haya ya kufungua vitu yalinipata mwaka 1982, nikiwa na umri wa miaka 12. Marehemu baba alikuwa kazini Dubai, na nyumbani alikuwa ametuachia redio ya transista ambayo ilikuwa ndiyo fahari ya ukumbi wetu. Siku moja mama alikwenda arusini, nami nikaifungua kwa kisu cha jikoni. Sikuwa na nia mbaya. Nilitaka kujua ile sauti ya mchakaricho baina ya stesheni na stesheni yatoka wapi. Nilipoifunga, skrubu mbili zilibaki kiganjani mwangu, na redio haikusema tena.

Mama aliporudi nilimwambia imenyamaa yenyewe. Alinitazama kitambo kidogo, kisha akakaa kwenye mbuzi akaendelea kukuna nazi. Nikamshukuru Mungu kwamba ameniamini.

Mwaka uliofuata baba alikuja likizo. Mimi nilikuwa nimemwomba viatu vya mpira. Nduguzo mtu wakapata nguo na saa, nami nikakabidhiwa kitabu kinene cha Kiingereza kinachofundisha matengenezo ya redio. Nilikaribia kulia. Sikuelewa kwa nini mtu atoke Dubai na mzigo kama ule, na baba hakuwa mtu wa kuulizwa. Nilikitupa chini ya kitanda, kikalala huko miezi. Halafu mvua za masika zikanifungia ndani, nikakitoa.

Nukta moja

Wakati huo nilikuwa bado nasoma chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, na chuo ndicho kilichonifungulia kitabu kile. Aliyepita chuoni anajua: be, te na the umbo lao ni moja. Nukta moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the. Ukikosea nukta umekosea neno, na mwalimu hasemi "karibu utapata", husema rudia. Tulirudia mpaka jicho likajifunza kutoidharau nukta.

Basi nilipofika kwenye ukurasa wa rezista, vile vidude vidogo vinavyopunguza mkondo wa umeme, nikaona ni chuo kile kile. Umbo lao ni moja, tofauti yao ni mistari ya rangi. Hudhurungi ni 1, nyeusi ni 0, nyekundu ni 2, rangi ya machungwa ni 3. Mistari miwili ya mwanzo hutoa tarakimu, na wa tatu hutoa idadi ya sufuri za kuongeza. Hudhurungi, nyeusi, nyekundu: ohmu 1,000. Badili mstari huo mmoja uwe wa machungwa: ohmu 10,000. Ni nukta ya be na te.

Tangu hapo sijaona mpaka baina ya kusoma na kazi ya mikono. Watu wengi hapa kwetu huwagawa wanadamu mafungu mawili: huyu wa vitabu, huyu wa nyundo. Msomi huona haya kushika bisibisi, na fundi naye hujisifu kuwa hakusoma popote, amezaliwa nayo. Wote wawili wamejidhulumu.

Na mgawanyo huo si wa mababu zetu katika elimu. Al-Jazari, aliyekuwa fundi wa watawala wa Diyarbakir, alimaliza mwaka 1206 kitabu chake cha mitambo, chenye saa za maji, pampu za kuteka maji na vyombo vya kutawadhia. Hakuishia kusifu maajabu. Alichora, akataja vipimo, akaeleza kipande hiki kinaingiaje katika kile. Donald Hill alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1974, na mwaka 1976 saa yake moja kubwa ya maji iliundwa upya huko London. Zaidi ya miaka 700 ilikuwa imepita, na bado maelezo yalitosha kuwaongoza mafundi. Huyo ndiye mtu wa kitabu na nyundo.

Barua zisizoandikwa

Sasa nirudi kwenye kinasa sauti. Kaseti ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1963, na katika miaka ya sabini na themanini ikawa ndiyo posta ya nyumba nyingi za pwani zilizokuwa na watu wao Uarabuni. Barua ilitaka ajuaye kuandika huku na ajuaye kusoma kule. Kaseti haikutaka ila pumzi. Mama alikuwa akikaa usiku, kazi zikiisha, akabonyeza kitufe na kumpa baba habari za mwezi mzima: nani kaoa, nani kafa, karo, bei ya unga. Akimaliza habari, kama kanda bado haijesha, alimsomea tungo za arusi na za kubembeleza watoto alizozirithi kwa nyanya yake, ambazo sijaziona zimeandikwa popote.

Baba aliporudi moja kwa moja alizirudisha kaseti hizo katika mkebe wa biskuti. Alipofariki mama, miaka mingi baada ya baba, tuliukuta mkebe chini ya nguo zake. Ndani mlikuwa na kaseti 11. Moja ilikuwa na maandishi yake mwenyewe kwa herufi za Kiarabu: Rajabu 1402, yaani baina ya Aprili na Mei 1982.

Mwanangu wa kiume akanishauri nimpe mtu wa dukani azihamishe, nami mashine ile nzee niitupe. "Baba, siku hizi kila kitu ki katika simu," akasema. Nilikataa. Kiburi, msomaji, kiburi tu. Miaka 40 ya kushika bisibisi, nishindwe na kaseti? Nikakitoa kinasa sauti cha baba kabatini, nikakipangusa vumbi, nikachomeka umeme, nikatia kaseti ya kwanza niliyoishika. Nashukuru haikuwa ile ya Rajabu.

Mama alitoa salamu. Akamwita baba kwa jina alilozoea kumwita. Akaanza neno la tatu, sauti ikazama kama mtu aliyevutwa chini ya maji, na mashine ikaila kanda.

Kilichotokea ni hiki. Kanda hupita mbele ya kichwa cha kusomea kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Inavutwa na kijiti cha chuma kinachozunguka, na kigurudumu cha mpira kinaibana juu ya kijiti hicho. Upande wa pili kipo kigurudumu cha kupokea, kinachoikusanya kanda iliyokwisha kusomwa. Katika mashine yangu kijiti kina mkanda wake wa mpira unaotoka kwenye mota, na kigurudumu cha kupokea kina wake. Huo wa pili ulikuwa umeyeyuka kwa uzee ukawa kama lami. Kijiti kikavuta, mpokeaji akawa amelala. Kanda isiyo na pa kwenda hujizonga pale pale.

Nilipoitoa ilikuwa imekunjika na kukatika mahali pawili. Binti yangu, aliyekuwa amenishikia tochi, aliniuliza polepole, "Baba, kwani ulisoma kwanza?"

Neno hilo ndilo nimwambialo yeye kila anapokimbilia maswali ya hesabu kabla ya mfano. Sikuwa na jibu. Nilifunika mashine kwa kitambaa, nikaenda kuswali.

Kusoma kwanza

Tulipata michoro ya mashine ile katika mtandao wa intaneti, tukaipiga chapa. Wiki tatu sikugusa bisibisi. Binti yangu alisoma maandishi madogo yaliyonishinda, mimi nikamfasiria mistari ya rangi. Tukajua mikanda inahitaji kipenyo gani, na ipi skrubu ya kutoguswa: ile ya kando ya kichwa, inayosawazisha mkao wake. Ukiizungusha kwa kubahatisha, sauti yote hufifia kama mtu anayesemea ndani ya mto. Lau ningekuwa peke yangu ningeizungusha.

Kisha ndipo tukafanya kazi. Tulibadili mikanda yote miwili. Tulisafisha kichwa na kijiti kwa pamba na spiriti. Kwanza tukajaribu kaseti isiyo na thamani, mara tano. Ile iliyokatika tuliiunga kwa utepe wake maalumu, upande wa mgongo, maana utepe wa kufungia karatasi hutoa gundi ikachafua kichwa. Maneno kiasi ya nusu dakika yamepotea, na hayo nimeyapoteza mimi.

Kaseti ya Rajabu ilikuwa na ila yake. Kile kipande cha pamba ngumu kinachoisukuma kanda igusane na kichwa kilikuwa kimeng'oka. Tukafungua skrubu tano za kaseti nyingine, tukaazima cha kwake. Kaseti yenyewe ikaunganishwa na kompyuta ya binti yangu ili sauti ihifadhiwe inapochezwa. Hapo hakuna njia ya mkato: dakika 60 za mama ni dakika 60 za kukaa na kusikiliza.

Msomaji asinifahamu vibaya. Mimi si adui wa vyombo vipya. Bila intaneti na kompyuta nisingefika. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kuwa na chombo usichokijua hata kidogo, na kukitupa siku kinapokohoa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za vyombo vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyojulikana kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Watengenezaji nao wana lao, kwani simu nyingi zimegandishwa kwa gundi. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa baadhi ya vyombo wavitengeneze vinapoharibika. Ni jambo jema, lakini sheria haimfundishi mtu kusoma mchoro.

Nami namuusia kijana anayetaka kuanza: usifungue chombo kilichochomekwa, na cha umeme wa nyumba, ambao kwetu ni volti 240, usikifungue kabisa mpaka umfuate ajuaye, kwani kapasita huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Anza na tochi au redio ya betri. Na kitabu kitangulie bisibisi.

Alichosema mama

Tulisikiliza kaseti ya Rajabu usiku, sote. Mama alimpa baba habari za nyumba. Jogoo wa jirani akawika katikati. Akasoma tungo mbili, ambazo binti yangu sasa anaziandika katika daftari. Upande wa pili, kanda ikikaribia kwisha, akashusha sauti, nadhani sisi watoto tulikuwa tumelala karibu.

"Baba yao, redio yako haisemi tena. Yule mwanao kaifungua kwa kisu. Aniambia imenyamaa yenyewe, nami nimemwacha, maana skrubu nimeziona mfukoni mwake nikifua. Ukija usimpige. Si mjeuri yule, ataka kujua. Mtafutie kitabu kisemacho habari za redio, akisome, halafu afungue apendavyo."

Kanda ikaisha, kitufe kikaruka chenyewe. Watoto wangu walicheka, wakanitazama. Mimi niliinuka nikaenda kwenye rafu ile ya makasha, nikakitoa kile kitabu cha Dubai. Jalada halipo, na nondo wamekula pembe. Miaka yote nilidhani baba alikosea zawadi.