Juma la Pili Ndilo la Kuchunga

Mama ameshuka kwenye matatu pale Masimba jua likielekea kutua, leso kichwani, mfuko wa plastiki mkononi endapo atatapika. Ametoka kutiwa dawa ya kansa ya matiti katika hospitali ya rufaa mjini Kisii. Siku tatu hali chochote. Siku ya tano anakunywa uji. Siku ya kumi ameketi uani akichambua saga, ile mboga Wakisii waiitayo chinsaga, na majirani wanasema, "Mungu ashukuriwe, dawa imemwacha." Basi wageni wanaanza kumiminika: kina mama wa kanisa, shemeji kutoka Keroka, wajukuu wenye mafua. Nao watoto walio Nairobi, wakipigiwa simu, wanashusha pumzi.

Kumbe hapo ndipo hatari ilipo.

Dawa hizi, ambazo wengi tunaziita kemo tu, huwinda chembechembe zinazozaana upesi. Kansa ni ya namna hiyo. Lakini mwilini kuna nyingine zisizo na hatia zinazozaana upesi vilevile: za mizizi ya nywele, za ngozi laini ya kinywa na matumbo, na za uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Dawa haichagui. Kutapika huja mapema na kuonekana na kila mtu. Kupungua kwa chembechembe nyeupe, wale askari wa damu, hakuonekani, na kwa dawa nyingi hufikia kina chake kati ya siku ya 7 na ya 14. Mgonjwa anaonekana amepona, kumbe hana ulinzi.

Siku hizo joto la mwili likifika nyuzi 38, hiyo ni dharura, hata kama ni saa nane za usiku. Anahitaji dawa za kuua bakteria mshipani, na hospitali nzuri hujitahidi kuzianza katika saa moja tangu afike. Sasa fikiria kwetu hufanyika nini. Nyanda za Gusii zimezoea malaria inayozuka kwa vipindi, kwa hiyo homa ikija, mtu hukimbilia duka la dawa, akameza Panadol na vidonge vya malaria, akalala. Panadol inashusha joto na kuuficha ugonjwa, nao unaendelea chini kwa chini. Kipimajoto si ghali. Wewe uliye mjini, ukienda nyumbani wikendi, acha mkate na ununue hicho kwanza.

Wageni je? Kumfukuza mtu mlangoni ni aibu, najua. Lakini hakuna ubaya kuwaambia waje juma la tatu, au wasalimie wakiwa uani, na mwenye kikohozi asikaribie. Kila anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni. Maziwa na maji ya kunywa yachemshwe. Kachumbari ingoje. Saga iliyoiva vizuri haina neno.

Tukirudi kwenye kutapika: vidonge vya kuzuia kichefuchefu humezwa kwa saa zilizoandikwa, si mpaka tumbo lichafuke. Wengi huviweka akiba, wakidhani ni kama dawa ya kichwa. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara tano au sita: uji wa wimbi, ndizi za kuchemsha, yai lililoiva. Kilichopoa hakinuki sana kama cha moto, kwa hiyo mtu mwingine apike, mgonjwa akae mbali na jiko.

Kinywa kikitoka vidonda, kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa hutosha kusukutua mara kadhaa kwa siku. Mswaki uwe laini. Na chai! Sisi watu wa milima ya chai tunaipenda ikiwaka. Kwa kinywa hicho, ipoe kwanza.

Mkojo mwekundu siku ya kwanza au ya pili baada ya ile dawa nyekundu, doksorubisini, si damu. Ni rangi ya dawa yenyewe. Ila kwa saa 48 dawa hutoka kwa mkojo na matapishi, hivyo anayefua nguo zilizochafuka avae glavu na azifue peke yake. Nywele hudondoka baada ya juma la pili au la tatu, na huota tena matibabu yakiisha.

Dawa za miti shamba usizichanganye kimyakimya, mwambie daktari. Si kwamba miti haina maana. Vinkristini, dawa ya kansa ya damu ya watoto, hutokana na lile ua la rangi ya waridi la asili ya Madagaska linalopandwa kwenye nyua nyingi. Lakini hospitalini hupimwa kwa miligramu, nalo likitafunwa ni sumu.

Kabla ya kila awamu damu hupimwa, na ikiwa chini, mgonjwa hurudishwa nyumbani kwa juma moja. Kunavunja moyo, hasa nauli ikiwa ya kukopa, lakini asikate tamaa akaacha kurudi. Uliza kama kipimo hicho kinaweza kufanyiwa karibu na nyumbani siku moja kabla.

Na mpange mapema ni gari la nani litakalomchukua usiku homa ikipanda. Nauli yake ikae kwenye simu ya anayelala naye nyumba moja, si kwenye ya mwanawe aliye Nairobi, ambaye huenda amezima yake.