Programu ya Ufuatiliaji Inapopoteza Kanzidata

Zabbix, programu iliyobuniwa na Alexei Vladishev wa Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001, hufuatilia afya ya seva, swichi, ruta na huduma nyingine za mtandao. Kila kipimo inachokusanya, iwe joto la prosesa au nafasi iliyobaki kwenye diski, hukiandika kwenye kanzidata, aghalabu MySQL au PostgreSQL. Mipangilio yake nayo imo humo humo: kifuatiliwe nini, na nani aarifiwe. Muunganisho wake na kanzidata hiyo ukikatika, programu nzima hupofuka.

Fundi mwenye haraka huwasha upya kila kitu, kisha akabadilisha nywila, kisha akazima faiawoli. Kwa maoni yangu hakuna njia mbaya kuliko hiyo, kwa sababu ujumbe wa kosa uliomo kwenye logi huwa umekwisha kusema njia imekatikia wapi.

Ujumbe huo ukisema muunganisho umekataliwa, hiyo kwa kweli ni habari njema. Kompyuta yenye kanzidata imejibu. Kwa kawaida imerudisha pakiti yenye alama ya RST, kuonyesha kwamba hakuna programu inayosikiliza kwenye poti iliyoombwa: 3306 kwa MySQL, 5432 kwa PostgreSQL. Ni kama kupiga hodi ukajibiwa na watoto wa uani kwamba mwenyeji hayupo. Kagua kama huduma ya kanzidata imewaka, na kama inasikiliza kwenye anwani ya mtandao au kwenye 127.0.0.1 pekee. Tazama na diski. Data za ufuatiliaji huijaza polepole, na PostgreSQL ikikosa nafasi ya kuandika kumbukumbu za miamala yake, husimama.

Ujumbe ukisema muda umekwisha, hodi haikuitikiwa na mtu. Huenda faiawoli imezimeza pakiti njiani, anwani imekosewa, au mashine imezimwa. Kuhangaika na nywila hapa ni kazi bure, maana nywila haijafika kokote.

Kosa namba 1045 la MySQL ni jambo jingine: mtandao ni mzima, ila mgeni hakukubaliwa. MySQL humtambua mtumiaji kwa jina pamoja na mahali anakotoka, hivyo zabbix wa localhost na zabbix wa kompyuta nyingine ni akaunti mbili, kila moja na nywila na ruhusa zake. Kanzidata ikihamishiwa kwenye seva ya peke yake, akaunti ya zamani haitoshi tena. Kwenye PostgreSQL, faili la pg_hba.conf ndilo huamua nani aingie kutoka wapi.

Lipo pia neno localhost, ambalo limewapotezea mafundi wengi usiku mzima. Kwenye Linux, MySQL ikiambiwa localhost haipiti kwenye TCP. Hutumia faili la soketi lililo kwenye mashine hiyo hiyo. Soketi ikiwa mahali pengine, muunganisho hushindikana hata kama poti 3306 iko wazi. Andika 127.0.0.1 ujaribu tena: ikikubali, umeupata ugonjwa.

Kumbuka vilevile kwamba seva ya Zabbix na ukurasa wake wa wavuti huingia kwenye kanzidata kila kimoja kwa faili lake la mipangilio. Nywila ikibadilishwa upande mmoja tu, ukurasa unaweza kufunguka vizuri huku grafu zimeganda. Na kwa kuwa michakato mingi ya seva hushika muunganisho wake yenyewe, kuiongeza bila hesabu hugonga ukomo wa MySQL, ambao kwa kawaida ni miunganisho 151.

Muda nao una mipaka. Proksi za Zabbix, yaani programu zinazokusanya data kwa niaba ya seva, zikishindwa kuzifikisha kwenye seva huzitunza kwa saa 1, usipobadilisha mpangilio huo; baada ya hapo za zamani hufutwa.

Basi msomaji unayeendesha mfumo huu, fungua leo mipangilio ya jumla ya Zabbix, uchague kundi la watumiaji watakaopelekewa ujumbe kanzidata inapozimika. Pasipo kundi lililochaguliwa hapo, hakuna atakayearifiwa.