Nani Kaitia Moto Bahari ya Mama

Mama hakulivunja lile tawi la kotonii. Alilishika tu kunionyesha, likakatika lenyewe mkononi mwake, pale palipokuwa peupe. Ncha zake zilikuwa bado ngumu na zenye utelezi, lakini katikati palikuwa pamepauka kama kucha, pamelainika, na harufu yake ilikuwa ya kitu kinachooza.

"Umeona? Juzi ulikuwa mzima mwani huu. Jua la siku tatu tu."

Ilikuwa bamvua la Februari, upepo wa kaskazi umekatika, nasi tumesimama kwenye shamba lake pwani ya kusini mashariki mwa Unguja. Maji yalitufika chini ya magoti. Yalikuwa ya moto. Ukisimama bila kutembea unaona jasho likikutoka ungali umo baharini. Mama akatupa tawi, akajifuta mkono kwenye khanga, akaniuliza mbele ya wenzake: "Wewe si mwalimu? Haya, tuambie. Nani kaitia moto bahari hii?"

Nilimjibu upesi upesi, kama ninavyowajibu wanafunzi wangu wa jiografia kengele inapokaribia kulia. Nikasema ni sisi sote, binadamu. Mama akanitazama. "Na mie pia?" akauliza. Huyu ni mwanamke ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli. Sikuwa na neno. Tangu siku ile najua kwamba jibu langu lilikuwa la uvivu, na ninaandika hapa lile nililopaswa kumpa.

Nianze na jikoni, maana huko ndiko tulikoelewana baadaye. Ukibandika sufuria mbili kwenye moto ulio sawa, moja ukaifunika na nyingine ukaiacha wazi, iliyofunikwa itachemka kwanza. Moto haukuzidi; joto limezuiwa kutoka. Jua ndio moto wetu, na hewa inayotuzunguka ina gesi chache, hasa kaboni dayoksaidi, zinazofanya kazi ya mfuniko. Bila mfuniko huo dunia ingeganda kwa baridi, kwa hiyo wenyewe si ubaya. Tatizo ni kwamba tumeufanya mnene.

Jambo hili si jipya. Eunice Foote, mwanamke wa Kimarekani, alionyesha mwaka 1856 kwamba chupa yenye kaboni dayoksaidi ikiwekwa juani hupata joto kuliko yenye hewa ya kawaida. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akapiga hesabu ya joto litakavyopanda gesi hiyo ikizidi. Kisha mwaka 1958 Charles Keeling akaanza kuipima kila siku juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Alikuta sehemu 315 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Leo zimepita 420. Kabla ya viwanda zilikuwa 280, na hewa iliyonaswa katika barafu ya kale ya Antaktika inaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 iliyotangulia viwanda hazikupata kufika hata 310.

Mama ni mtu wa kutaka ushahidi. Alisema: huenda jua lenyewe limezidi ukali. Ni swali zuri, na mfuniko ule ule unalijibu. Ukizidisha moto, chini ya mfuniko patapata joto na juu yake pia. Lakini ukiunenepesha mfuniko na moto ukabaki ule ule, chini patazidi joto na juu patapoa. Vipimo vya anga vinaonyesha hivyo hasa: hewa ya chini, tunayoivuta, inapata joto, na tabaka la juu la anga linapoa. Jua lingekuwa ndilo lenye kosa, tabaka lile lisingepoa.

Na gesi iliyozidi ina alama ya mahali ilikotoka. Kila kiumbe hai hubeba kaboni 14 kidogo, na kikifa hiyo kaboni huanza kupungua. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo ndani yake imeshakwisha kabisa. Mwaka 1955 Hans Suess alipima mbao za miti na kukuta kwamba miti ya karne ya ishirini ilivuta hewa yenye kaboni 14 pungufu kuliko miti ya zamani. Moshi wa makaa ya mawe ulikuwa umeingia hadi ndani ya mti. Mwaka 2021 Jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi liliandika kwamba halina shaka: binadamu ndiye aliyeongeza joto la hewa, bahari na nchi kavu.

Bahari ndiyo iliyobeba mzigo. Zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi limezama humo, na karibu robo ya kaboni dayoksaidi tunayoitoa huingia humo pia na kuyapunguzia maji alkali yake. Sisi wa pwani tuliona mapema. Mwaka 1998 matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yalipauka na mengi yakafa, baada ya maji kupata joto kwa miezi kadhaa. Nakumbuka wavuvi wakirudi na kusema miamba imevaa sanda.

Halafu zamu ya mwani ikafika. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili: spinosamu, ulio mwembamba na mvumilivu, na kotonii, ulio mnene, ambao bei yake hufika karibu maradufu kwa sababu utomvu wake hugandisha vizuri zaidi. Utomvu huo huwekwa kwenye dawa ya meno, aiskrimu na vitu vingi vya dukani. Wanawake ndio walioshika kazi hii. Sare zangu za shule, daftari na nauli ya kwenda chuo vilitoka kwenye kamba za kotonii, tawi moja moja limefungwa kwa kijikamba cha taitai. Kotonii haustahimili maji ya moto. Hupauka, hulainika, hukatika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 sehemu nyingi ulikufa wote, na mama akabaki akitegemea zaidi spinosamu, kazi ile ile kwa nusu ya bei.

Sasa turudi kwa "na mie pia?"

Ukijumlisha kaboni dayoksaidi yote iliyotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi tangu viwanda vianze, takriban robo ni ya Marekani peke yake, na nchi za Ulaya zina fungu linalokaribia hilo. China, iliyochelewa kuanza, ndiyo inayoongoza leo, karibu theluthi moja ya gesi ya kila mwaka. Afrika nzima haifiki asilimia 5. Mmarekani mmoja hutoa tani 14 hivi kwa mwaka. Mtanzania hafikishi hata nusu tani. Na si kwamba wote walikuwa hawajui. Wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon waliwaeleza wakubwa wao jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na makadirio yao ya joto yamekuja kuwa karibu sana na yaliyotokea, huku kampuni ikitia watu shaka hadharani kwa miaka mingi. Hilo linaniuma kuliko tarakimu zote. Asiyejua ana udhuru.

Hata hivyo sitamdanganya mama kwamba mikono yetu haina doa. Tulipoanza mashamba tuling'oa majani ya bahari ili kusafisha nafasi, na mimi mwenyewe niling'oa, mtoto wa miaka minane, nikidhani ni magugu. Majani yale ndiyo yanayoshika mchanga, yanayolea samaki wachanga na kuhifadhi kaboni chini. Vijiti vya kufungia kamba tulivikata msituni, na kuna waliokata mikoko. Bara, misitu inateketea kwa mashamba mapya na kwa mkaa unaopikia miji yetu. Haya ni yetu, na hakuna wa Ulaya atakayekuja kutuwajibikia. Lakini deni la kijiti si deni la tanuri, na anayesema "sisi sote" bila kupima anamfichia mwenye tanuri.

Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria kuilinda tabianchi, na kwamba inayokiuka wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Kesi hiyo ilianza mwaka 2019 kwa wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki, na nchi ya Vanuatu ikaibeba hadi Umoja wa Mataifa. Nilipomsimulia mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama kamba zake zimo katika hesabu hiyo. Nikamwambia maoni ya mahakama si amri ya kulipa. "Basi bado," akasema.

Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani aliyefanya kazi miaka mingi na wakulima wa Zanzibar, amekuwa akiwafundisha kina mama kupanda kotonii katika neti ndefu kama mirija, kwenye maji ya kina yasiyopata moto haraka. Kikundi cha mama kimejaribu. Shida ni kwamba huko hakwendeki kwa miguu, na wengi wao hawajui kuogelea.

Bamvua lililopita nilimkuta ndani ya ngarawa, ana miaka sitini na tatu, kamba imefungwa kiunoni juu ya khanga na ncha yake ameshika mwenziwe. Alizamisha mkono hadi begani, akavuta neti, akaanza kulipapasa tawi moja moja pale katikati, kusikia kama limelainika.