Je, Wajua? Mlio wa Gari Lirudilo Nyuma

Je, wajua kwamba kihisi cha kuegeshea gari, kile kidude cha duara kilichopachikwa kwenye bampa, hutoa mawimbi ya sauti yenye mitetemo ipatayo 40,000 kwa sekunde, ilhali sikio la mwanadamu, hata lililo zima kabisa, halivuki 20,000, hivyo basi hapo kiziwi na msikivu ni sawasawa? Tofauti huzuka mwangwi unaporejea na gari likaanza kulia pi-pi-pi ndani, kwani milio myembamba ndiyo aghalabu hutangulia kumpotea mtu ambaye usikivu wake umepunguzwa na uzee au makelele. Katika msongamano wa jiji la Mbarara, Uganda, faraja ya mtu huyo ni gari lionyeshalo umbali kwa taa au kamera. Lakini ajaye kutoka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwaka 1958, ambako barabara ni za vumbi na matope, na apanguse kwanza vihisi na kamera, kwa maana tope huvipumbaza. Na asiye na vyote hivyo atazame vioo, ageuze shingo, wala asione haya kushuka akajihakikishia mwenyewe.