Maisha Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Mambo ya Kuzingatia Mezani na Dukani

Huduma za kitabibu za kupunguza uzito sasa zinapatikana nchini. Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila jijini Dar es Salaam, imekuwa ikiwawekea wagonjwa puto tumboni na kuwafanyia upasuaji wa kupunguza uzito. Wapo pia Watanzania wanaosafiri kwenda India na kwingineko kwa tiba hiyo. Kwa mkazi wa Mwanza, Magu, Sengerema au Ukerewe, jambo hili lina maana moja muhimu: daktari aliyempasua yuko zaidi ya kilomita 1,000, ilhali duka la dawa liko hatua chache kutoka mlangoni kwake. Kwa hiyo maamuzi mengi yatakayomlinda au kumdhuru baada ya upasuaji atayafanya yeye mwenyewe, mbele ya sahani na mbele ya kaunta.

Sisi katika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) tumeandaa makala haya ili kumsaidia mtumiaji afanye maamuzi hayo kwa ufahamu. Makala hayachukui nafasi ya maelekezo ya daktari wako. Pale yanapotofautiana na uliyoelezwa hospitalini, fuata ya hospitali.

Kilichobadilika mwilini

Zipo njia kuu tatu, na ni lazima ujue uliyofanyiwa. Katika njia ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, takriban asilimia 75 hadi 80, huondolewa kabisa na kubaki mrija mwembamba. Katika njia ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba, hivyo chakula huruka sehemu ya njia yake ya kawaida. Njia ya tatu ni puto, ambalo halihusishi kukata kitu. Huwekwa kwa muda, mara nyingi miezi sita au mwaka, kisha huondolewa.

Njia mbili za kwanza hubadilisha mwili kwa maisha yote. Chakula kinachoingia ni kidogo, na katika njia ya pili virutubisho na baadhi ya dawa pia hufyonzwa kwa kiwango tofauti. Ndiyo maana usiondoke hospitalini bila muhtasari wa maandishi unaotaja aina ya upasuaji, tarehe, dawa unazotumia na vipimo vya kufuatilia. Tengeneza nakala mbili: moja ikae nyumbani, nyingine utembee nayo. Mhudumu wa zahanati ya Nansio au Misungwi hawezi kukisia kilichofanyika ndani ya tumbo lako kwa kutazama kovu.

Chakula cha Kanda ya Ziwa katika tumbo dogo

Kwa kawaida mgonjwa huanza na vimiminika, akafuata vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na baada ya wiki kadhaa hurejea chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Kuruka hatua huweza kuleta kutapika na kuumiza mshono ambao haujapona.

Hatua ya chakula cha kawaida ikifika, kanuni ni nyepesi kuieleza na ngumu kuizoea: protini kwanza, mboga baadaye, wanga mwisho. Wagonjwa wengi hushauriwa wapate walau gramu 60 za protini kwa siku. Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria wana bahati hapa. Sato wa kuchemsha ni laini na hutafunika kwa urahisi, mradi miiba iondolewe kwa uangalifu. Sangara wa kukaanga hadi kukauka huweza kukwama, kwa hiyo mpike kwa mchuzi. Dagaa wanaouzwa kwa wingi Mwaloni Kirumba wana protini, na kwa kuwa huliwa pamoja na mifupa yao, hutoa pia madini ya kalsiamu. Chagua dagaa wasioanikwa mchangani, au waoshe mara kadhaa hadi mchanga uishe, kisha wasage unga wa kuchanganya kwenye uji. Mayai, maziwa ya mgando, choroko na maharage yaliyoiva vizuri hukamilisha orodha.

Ugali unahitaji tahadhari ya pekee. Wengi wetu tumezoea kumeza tonge bila kulitafuna. Katika tumbo dogo tonge la namna hiyo huweza kukwama, na hata likipita huchukua nafasi ambayo samaki alipaswa kuikalia. Anza na samaki na mboga, kisha ule matonge madogo mawili au matatu yaliyotafunwa. Michembe na matobolwa, kwa ukavu na ugumu wake, visubiri mpaka daktari akuruhusu vyakula vigumu, na hata hapo viliwe vimelainishwa.

Kula taratibu, kwa dakika 20 hadi 30, na uache mara unaposikia umeshiba. Usinywe maji wakati wa kula. Subiri kama nusu saa baada ya mlo. Katikati ya milo kunywa kidogo kidogo hadi ufikie walau lita moja na nusu kwa siku. Maji ya ziwa na ya visima yachemshwe, kwa maana kuhara na kutapika humkausha haraka zaidi mtu asiyeweza kunywa maji mengi kwa mkupuo.

Soda, juisi ya miwa na chai yenye sukari nyingi huteremka kwa haraka kwenye utumbo. Baada ya dakika 10 hadi 30 mtu huweza kutokwa jasho, moyo kumwenda mbio, tumbo kumsokota na kuhara. Wengine hupata kizunguzungu na kutetemeka saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inaposhuka. Pombe nayo huingia kwenye damu haraka kuliko zamani: kiasi ambacho awali hakikukulewesha sasa huweza kukuangusha. Aliyepasuliwa asiendeshe chombo cha moto wala mtumbwi baada ya kunywa hata kidogo.

Vitamini na madini si anasa

Baada ya upasuaji, virutubisho vya ziada ni sehemu ya tiba ya kudumu. Mara nyingi huwa ni mchanganyiko wa vitamini, madini ya chuma, kalsiamu pamoja na vitamini D, na vitamini B12. Madini ya chuma na kalsiamu yasimezwe pamoja, kwa sababu yanazuiana. Tenganisha kwa saa mbili au zaidi. Chai nayo hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, kwa hiyo usiitumie kumezea vidonge hivyo.

Upungufu huja kimyakimya. Uchovu, ganzi miguuni na kusahausahau huweza kujitokeza mwaka mmoja au zaidi baada ya mgonjwa kuacha vidonge kwa kuona amepona. Unaohitaji haraka kubwa zaidi ni upungufu wa vitamini B1, ambayo akiba yake mwilini huisha ndani ya wiki chache. Mtu anayetapika siku kwa siku, kisha akaanza kuyumba anapotembea, kuona vitu viwili viwili au kuchanganyikiwa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo na wahudumu waelezwe kuhusu upasuaji.

Panga bajeti ya virutubisho na vipimo vya damu kabla ya kupasuliwa. Vipimo hufanyika mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Uliza mapema kama hospitali ya rufaa iliyo karibu nawe, kama vile Bugando au Sekou Toure, inaweza kuvifanya na kuwasiliana na daktari wako, na kama bima yako inavigharimia.

Dawa ulizozizoea huenda zisikufae tena

Hapa ndipo mtumiaji wa kawaida hujikwaa. Anaumwa mgongo au kichwa, anaingia dukani, anaomba "dawa ya maumivu", naye anapewa diklofenaki, ibuprofeni au asprini. Kwa aliyepasuliwa, hasa kwa njia ya pili, dawa za kundi hilo huweza kusababisha vidonda pale kifuko kilipounganishwa na utumbo, na vidonda hivyo huweza kuvuja damu au kutoboka. Parasetamoli ndiyo hushauriwa kwa kawaida. Hata hivyo zipo tembe zinazochanganya parasetamoli na diklofenaki au ibuprofeni. Soma orodha ya viambato kwenye pakiti, usiridhike na jina kubwa la mbele. Ikiwa daktari wa moyo amekuandikia asprini, usiiache mwenyewe. Wakutanishe madaktari wako wawili.

Vidonge vinavyotengenezwa ili kutoa dawa taratibu kwa saa nyingi huenda visifanye kazi ipasavyo, na havipaswi kusagwa au kuvunjwa bila ushauri. Muulize mfamasia kama ipo ya maji au ya kawaida.

Wenye kisukari na shinikizo la damu wawe macho zaidi. Mahitaji ya dawa huweza kupungua ndani ya siku au wiki chache. Anayeendelea na insulini au glibenklamidi kwa dozi ya zamani huku akila vijiko vichache anaweza kushukiwa na sukari hadi kuzimia. Pima mara kwa mara, na dozi ibadilishwe na daktari.

Wanawake wanashauriwa wasishike mimba kwa miezi 12 hadi 18 ya mwanzo. Uzito unapopungua, uwezo wa kushika mimba huweza kurudi ghafla, ilhali vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vya kutosha. Kipandikizi na kitanzi havitegemei tumbo. Jadiliana na mtoa huduma.

Si kila homa ni malaria

Katika kanda yetu, homa huitwa malaria kabla haijapimwa. Katika wiki za mwanzo baada ya upasuaji mazoea hayo ni ya hatari. Homa inayoambatana na maumivu makali ya tumbo, moyo kwenda mbio, kupumua kwa shida au maumivu ya bega huweza kuwa dalili kwamba mshono wa ndani unavuja. Mguu mmoja kuvimba na kuuma huweza kuwa damu iliyoganda. Haya hayangoji asubuhi. Anayeishi visiwani, ambako safari ya Mwanza hutegemea ratiba ya vyombo vya majini, akae karibu na hospitali kubwa hadi daktari amruhusu kurudi nyumbani.

Kipimo kikithibitisha malaria, dawa mseto humezwa pamoja na chakula au maziwa, kwa kuwa mafuta husaidia mwili kuifyonza. Mweleze mhudumu kuhusu upasuaji wako kabla ya kuanza, na ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi kituoni. Vivyo hivyo kwa vidonge vya kichocho, ambavyo ni vikubwa na humezwa vingi kwa pamoja kulingana na uzito au urefu: usitumie hesabu ya vidonge ulivyomeza ulipokuwa na uzito wa zamani.

Uzito unapogoma

Uzito haushuki kwa mstari ulionyooka. Husimama kwa wiki kadhaa, na baada ya mwaka mmoja au miwili huweza kupanda kidogo. Nywele nazo huweza kukatika kwa wingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, na kwa kawaida huota tena lishe ikiwa nzuri. Ni katika kipindi hiki ambapo wauzaji wa chai na vidonge vya "kuyeyusha mafuta" hupata wateja. Baadhi ya bidhaa za namna hiyo zilizopimwa katika nchi mbalimbali zilikutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari zake kwa moyo na mishipa ya damu. Nyingine huharisha tu, na kupoteza maji si kupoteza mafuta.

Ushuhuda wa simuni na picha za kabla na baada si uthibitisho wa ubora. Kabla ya kununua, tazama jina la mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Dai risiti. Muuzaji asiyetaja anapopatikana hatapatikana utakapodhurika.

Nyumbani, shereheni na msibani

Kukataa chakula cha mwenyeji huonekana dharau, na mtu aliyepungua haraka husemwa kuwa ana maradhi. Hulazimiki kumweleza kila mtu habari za mwili wako. Hata hivyo, mtu mmoja au wawili katika kaya wajue ukweli wote, kwa sababu ndio watakaozungumza kwa niaba yako ukizidiwa. Shereheni, omba sahani ndogo, anza na kitoweo, na kaa na wenzako mpaka mwisho. Wengi hutazama kama umeketi nao kuliko ulichokula. Anayekusudia kufunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, amuone kwanza daktari wake.

Mahali pa kutoa taarifa

Ukipata madhara unayoyahusisha na dawa au kifaa tiba, ukiwamo puto, mweleze mtoa huduma na utoe taarifa TMDA. Mojawapo ya ofisi zetu za kanda ipo jijini Mwanza. Tunza pakiti na dawa iliyobaki, kwa kuwa bila namba ya toleo ni vigumu kufuatilia bidhaa. Malalamiko kuhusu vyakula yapelekwe Shirika la Viwango Tanzania, linalosimamia usalama wa chakula tangu mwaka 2019; kuhusu mwenendo wa daktari, Baraza la Madaktari Tanganyika; na kuhusu duka la dawa, Baraza la Famasi.

Mwisho, zoea kusema sentensi moja kila unapofika kwa daktari, kwa mfamasia au kwenye duka la dawa: "Nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, je, dawa hii inanifaa?" Isemwe mwaka wa kwanza, na isemwe mwaka wa ishirini.