Redio Ndogo ya CB na Antena Yake

Barabara kuu ya I-80, inayoikata Marekani kutoka New Jersey mpaka San Francisco, hufikia kimo chake kikubwa kuliko kote katika jimbo la Wyoming, baina ya miji ya Cheyenne na Laramie, mahali palipoinuka mita 2,633 juu ya usawa wa bahari. Na huko, wakati wa baridi, upepo uliochanganyika na theluji huvuma kwa ghadhabu hata malori marefu yakapinduka na njia ikafungwa. Dereva aliye safarini huko, na miongoni mwa madereva hao siku hizi wamo wana wa Afrika Mashariki, ana haja ya kujua jambo ambalo simu aghalabu haimwambii kwa wakati: kuna nini nyuma ya mwinuko ule ulio mbele yake? Ajuaye ni dereva mwenziwe anayekuja kutoka upande wa pili, ambaye hawajuani kwa jina wala kwa nambari. Chombo kinachoweza kuwakutanisha wawili hao kwa sauti, bila ya mnara wala malipo ya mwezi, ni redio ya CB, yaani ya masafa ya raia, na kwa gari la leo lisilo na nafasi, redio ndogo ya CB.

Asili yake ya karibu ni idhini iliyotolewa mwaka 1958 na Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ambapo sehemu ya masafa ya megahezi 27 iligawanywa katika chaneli 23 kwa matumizi ya raia wa kawaida. Kwa miaka kumi na mitano ilikuwa ni mchezo wa wachache. Ikaja dhiki ya mafuta ya mwaka 1973, vituo vikakauka, na mwanzoni mwa 1974 mwendo wa magari katika nchi nzima ukawekewa mpaka wa maili 55 kwa saa; ndipo madereva wa malori, ambao wengi wao hulipwa kwa hesabu ya maili, walipoanza kuambizana hewani palipo na mafuta, na kadhalika, haifai kuficha, palipojificha askari wa barabarani. Umma ukawafuata. Hata Betty Ford, mke wa Rais Gerald Ford, akawa na jina lake la hewani, First Mama. Tarehe 1 Januari 1977 chaneli zikazidishwa kuwa 40, na mwaka 1983 sharti la leseni likaondolewa. Katika chaneli hizo 40, ya 9 imetengwa na sheria kwa dharura na kwa kuwasaidia wasafiri. Ya 19, ambayo ndiyo inayosikilizwa barabarani kote, haikutengwa na sheria yoyote, bali na ada ya madereva wenyewe.

Imo katika sheria ya redio hizi kanuni moja impasayo mnunuzi kuifahamu kabla hajatoa fedha yake. Nguvu ya kurusha sauti kwa mtindo wa AM hairuhusiwi kuzidi wati 4, na kwa mtindo wa SSB, ambao huibana sauti katika nusu ya nafasi, kilele chake ni wati 12. Kwa hiyo redio kubwa yenye vitufe vingi na taa za kupendeza, na redio ndogo inayoenea katika kiganja, maadamu zote mbili ni halali na zinatumia mtindo mmoja, hutoka na nguvu sawa. Anayeuziwa ukubwa wa sanduku kwa madai kwamba utampeleka mbali ameuziwa hewa. Na anayeshawishiwa kuongeza kikuza nguvu juu yake ameuziwa kosa la jinai.

Basi redio ndogo na ichaguliwe kwa sifa zake za kweli. Ya kwanza ni usikivu wa spika, kwa kuwa spika ya redio hizi aghalabu huwa tumboni mwake, na ukiifunga juu ya zulia au ndani ya kishimo cha dashibodi, sauti humezwa. Katika hali hiyo spika ya nje, hata iliyo ndogo, ni nyongeza ya maana kuliko urembo wowote. Ya pili ni kidhibiti cha mvumo kinachogeuka kwa ulaini, ambacho hunyamazisha kelele tupu mpaka mtu aseme. Ya tatu, kwa anayesafiri nchi za dhoruba, ni uwezo wa kupokea matangazo ya hali ya hewa ya shirika la NOAA la Marekani, ambayo hutoka katika masafa mengine kabisa, baina ya megahezi 162.400 na 162.550. Mtindo wa FM, ulioidhinishwa Marekani mwaka 2021, ni faida pia, maana kelele nyingi za injini huathiri ukubwa wa wimbi, nao FM huibeba sauti katika mabadiliko ya masafa. Lakini hufaa tu pale anayekujibu naye anapokuwa nao. Ziko redio, kama Cobra 75 WX ST, ambazo vitufe vyote vimehamishiwa katika kipaza sauti cha mkononi, na sanduku lenyewe hufichwa chini ya kiti. Kwa gari dogo, kwa rai yangu, hapana mpango ulio bora kuliko huo.

Lakini sanduku ni nusu ndogo ya shughuli. Nusu kubwa ni antena, na hapa ndipo wengi wanapofanya ubahili usiofaa. Wimbi la megahezi 27 lina urefu wa mita 11 hivi, na antena ya gari hutaka robo ya urefu huo, yaani mita 2.7 na ushei, ili itetemeke sawasawa na mkondo unaoletwa na redio, kama uzi wa udi unavyotaka urefu wake ili utoe sauti yake. Fimbo ya chuma ya kadiri hiyo ingali ikiuzwa, nayo hapana iishindayo. Walakini ukiisimamisha juu ya paa itapiga kila tawi na kila daraja la chini. Ndiyo sababu ya kuwapo antena fupi, ambazo waya wake umezungushwa koili, chini, katikati au juu ya fimbo, ili umeme uione fupi kuwa ndefu. Hila hiyo ina gharama yake: kadiri antena inavyofupishwa, ndivyo sehemu ya nguvu inavyopotea kuwa joto, na ndivyo upana wa chaneli inazozitumikia vizuri unavyopungua. Kwa hiyo nunua iliyo ndefu kwa kadiri gari lako na njia zako zinavyokubali.

Tena fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni bati la gari lenyewe, linalosimama mahali pa ardhi. Katikati ya paa ndipo mahali pema kuliko pote, kwa sababu bati limeizunguka fimbo pande zote na sauti huenda pande zote kwa usawa. Ukiifunga pembeni mwa bampa ya nyuma, sauti huelemea upande ule wenye bati jingi, na upande wa pili ukawa hafifu. Kitako cha sumaku kinatosha kwa asiyetaka kutoboa paa, lakini hakishiki aluminiamu, na magari kama Ford F-150 yana bodi ya aluminiamu tangu toleo la 2015. Hayo hutaka kitako cha kufunga kwa bolti, na rangi ikwanguliwe mahali pake mpaka metali iguse metali. Kebo nayo isibanwe na mlango, maana ikipondeka huharibu kazi yote.

Baada ya kufunga, kabla ya kusema neno hata moja, pima. Kipimo cha SWR, ambacho ni chombo cha bei nafuu, huwekwa baina ya redio na antena, nacho huonyesha ni kiasi gani cha nguvu kinachorudishwa na antena iliyokataa kukipokea. Kikisoma 1.5 kwa 1, kinachorudi ni asilimia 4 tu. Kikisoma 2, ni asilimia 11. Kikisoma 3, ni robo nzima, na nguvu hiyo iliyorejea yaweza kuiunguza redio. Peleka gari uwanjani, mbali na kuta na magari mengine, funga milango, upime chaneli ya 1 na ya 40. Ikiwa ya 40 ndiyo iliyozidi, antena ni ndefu, ipunguze kidogo kidogo. Ikiwa ni ya 1, antena ni fupi, irefushe. Zikizidi zote mbili kwa pamoja, usihangaike na fimbo: tafuta kasoro katika kitako au kebo. Na redio isiyo na antena isirushe sauti kamwe, hata kwa majaribio.

Umeme uchukuliwe moja kwa moja kutoka kwenye betri, na fyuzi ikae karibu na betri hiyo, ili waya ukichubuka njiani usilete moto. Kuuchukua katika tundu la kiberiti cha gari ni rahisi, lakini mara nyingi huja na mlio wa oltaneta. Redio hizi nyingi ni za volti 12. Anayedhamiria kuipeleka nyumbani aifunge katika lori la Afrika Mashariki azingatie kwamba malori yetu makubwa ni ya volti 24, na bila kifaa cha kuzipunguza volti hizo redio itaungua. Na kabla ya hapo aulize mamlaka ya mawasiliano ya nchi yake, maana ruhusa ya FCC haivuki bahari.

Linabaki suala la mkono. Kanuni za Marekani za mwaka 2012 zinazowakataza madereva wa malori na mabasi kushika simu wakiendesha hazikuijumuisha redio ya CB, na idhini hiyo ni amana. Usifunge redio wala waya mbele ya mfuko wa hewa, unaofumuka kwa nguvu ya kuua. Ning'iniza kipaza sauti upande wa mkono wako wa kulia, mahali ambapo vidole hukipata wenyewe na macho yangali barabarani. Na ikiwa mahali hapo hapapatikani katika gari lako, lisimamishe kando ya njia kwanza ndipo useme.