Tazama Mwaka wa Kitabu Kabla ya Kukifuata

Katika zahanati ya kijijini, iwe Newala au Masasi, mhudumu wa afya huweza kukesha peke yake na mgonjwa. Daktari bingwa yuko mbali, na mshauri aliye karibu ni kitabu. Basi ni muhimu kujua kitabu kipi kinafaa na kitumiwe vipi.

Vitabu vingi vya tiba huandikwa kwa ajili ya hospitali zenye maabara na chumba cha upasuaji. Wachapishaji wadogo wa elimu wamejaribu kuziba pengo hilo. Mfano mmojawapo ni Hesperian ya California, Marekani. Kitabu cha David Werner, kilichotokana na kazi yake katika vijiji vya milimani nchini Meksiko, kilitoka kwa Kihispania mwaka 1973 na kwa Kiingereza mwaka 1977. Kwa Kiswahili kinaitwa *Mahali Pasipo na Daktari*. Vilifuata vitabu vya fani mojamoja: cha meno mwaka 1983, cha watoto wenye ulemavu mwaka 1987 na cha wakunga mwaka 1995. Lugha yake ni nyepesi, michoro ni mingi, na vifaa vinavyotajwa hupatikana kijijini.

Hata hivyo, kitabu kizuri nacho huzeeka. Msimu wa korosho, mkulima anayeokota chini ya mikorosho huweza kuumwa na kifutu. Vitabu vya zamani viliagiza kufunga kamba juu ya jeraha, kuchanja na kufyonza sumu. Leo tunajua kwamba sumu ya kifutu huozesha nyama, na kamba iliyokazwa huongeza hatari ya kupoteza kiungo. Sahihi ni kumtuliza mgonjwa, kuvua pete na bangili, kutuliza kiungo kwa banzi na kumpeleka hospitali haraka, bila kuchanja.

Malaria nayo ni vivyo hivyo. Kitabu kinachosifu klorokwini kiliandikwa kabla ya Tanzania kuiacha mwaka 2001. Dawa mseto ikawa tiba ya kwanza kuanzia mwaka 2006.

Kwa hiyo, mhudumu, kwanza tazama mwaka wa toleo. Pili, linganisha dawa na vipimo vyake na Mwongozo wa Taifa wa Matibabu. Vikipingana, fuata mwongozo. Tatu, andika sahihisho pembeni mwa ukurasa, ili mwenzako wa zamu ijayo asipotoke. Usikitupe kitabu kwa kosa moja: namna ya kumsikiliza mgonjwa, kumchunguza na kutambua dalili za hatari hazichakai upesi kama majina ya dawa.

Nawe mgonjwa, ukimwona mhudumu anafungua kitabu mbele yako, usidhani hajui kazi. Anahakikisha. Wa kuogopwa zaidi ni yule anayekisia kipimo cha dawa ya mtoto wako na kitabu kipo kabatini.